UVIMBE USIO SARATANI, LAKINI USIO WA KUDHARAULIWA

Ugonjwa wa desmoidi, na sababu ya madaktari kutokimbilia kisu

Watu wengi waonapo uvimbe mwilini huwa na swali moja tu: Je, ni saratani, au si saratani? Wakiambiwa kuwa si saratani humshukuru Mungu, wakarudi nyumbani na kuisahau habari hiyo. Wakiambiwa kuwa ni saratani, nyumba nzima huingiwa na huzuni. Lakini uko uvimbe mwingine ambao hauingii barabara katika jibu hili wala lile. Si saratani, kwa maana hautoki mahali pake kwenda kuota katika mapafu au ini. Hata hivyo si mwema, kwa maana huingia katikati ya misuli, hubana mishipa, na ukikatwa mara nyingi huota tena pale pale.

Madaktari huuita desmoidi. Ni ugonjwa wa nadra, na watu wengi hawajapata kulisikia jina lake. Habari zake zafaa kujulikana kwa sababu moja kubwa. Katika ugonjwa huu mgonjwa aweza kupata hasara zaidi kwa kutibiwa kwa haraka kuliko kwa kungoja chini ya uangalizi wa daktari. Wako waliopoteza nguvu za mkono au mguu, si kwa ajili ya uvimbe peke yake, bali kwa ajili ya kukatwa mara kwa mara.

NI UVIMBE WA NAMNA GANI?

Ndani ya mwili wa kila mtu zimo nyuzi nyingi zinazoshikanisha viungo. Kano zifungazo misuli kwenye mifupa ni nyuzi, na ule utando mgumu mweupe uonekanao juu ya nyama buchani pia ni nyuzi. Nyuzi hizo hutengenezwa na chembe hai ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Mtu akijikata kwa panga, chembe hizo huongezeka, hutengeneza nyuzi mpya, na kuziba jeraha mpaka likawa kovu. Kazi ikiisha hupata amri ya kuacha, nazo hutulia.

Katika desmoidi chembe hizo huendelea na kazi ingawa hakuna jeraha la kuzibwa. Sababu yake imejulikana. Ndani ya chembe imo protini iitwayo betakatenini, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kuamuru chembe ziongezeke. Kwa kawaida protini hiyo huvunjwa baada ya muda mfupi, na amri yake hukoma. Lakini kwa wengi wenye desmoidi, jeni itengenezayo protini hiyo imepata kasoro katika chembe za mahali pale. Protini haivunjwi tena. Hujikusanya, na amri ya kuongezeka haikomi.

Kasoro hiyo imo katika uvimbe tu, wala haimo katika mwili mzima. Mgonjwa wa namna hii hakuzaliwa nayo, hawezi kuwarithisha watoto wake, wala hawezi kumwambukiza mtu mwingine kwa kula naye au kulala naye. Haikuletwa na uchawi wala na laana ya wazee.

Yafaa pia watu wasiuchanganye uvimbe huu na lile kovu nene lenye kung'aa ambalo huota juu ya ngozi baada ya kutoboa sikio au kuchanjwa. Kovu hilo nalo ni nyuzi zilizozidi, lakini hukaa katika ngozi. Desmoidi hukaa ndani zaidi, katika misuli na utando wake, na mara nyingi ngozi ya juu yake ni nzima kabisa.

Ugonjwa huu si mpya. Mwaka 1832 John Macfarlane, daktari wa mji wa Glasgow huko Scotland, aliandika habari zake. Mwaka 1838 Johannes Müller wa Ujerumani akaupa jina la desmoidi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha kufungia, kwa kuwa uvimbe wenyewe ukipasuliwa ni mgumu na mweupe kama kano.

HAUSAFIRI, LAKINI HUTAMBAA

Yuko mtu mwenye uvimbe wa mafuta chini ya ngozi. Uvimbe huo umo katika kifuko chake, na daktari akipasua ngozi hutoka mzima, kama vile kokwa ya parachichi itokavyo bila kuacha kitu. Desmoidi haina kifuko. Ni kama kokwa ya embe lenye nyuzi: haiwezekani kusema kwa hakika kokwa imekoma wapi na nyama imeanza wapi. Nyuzi zake hupenya katikati ya misuli iliyo mizima, huzunguka mishipa ya damu na ya fahamu, na pengine hugusa mfupa.

Madhara yake hutegemea mahali ulipo. Begani huweza kumzuia mtu kuinua mkono. Nyuma ya goti huweza kuufanya mguu usinyoke. Katika ukuta wa tumbo mara nyingi hauleti shida kubwa, ila mtu huona kitu kigumu na pengine maumivu. Ulio wa hatari zaidi ni ule uliomo ndani ya tumbo, karibu na utumbo, kwa sababu huweza kuziba utumbo au mifereji ya mkojo, na hata kuua. Kwa hiyo kusema kwamba desmoidi si saratani si kusema kwamba ni jambo la mchezo.

NANI HUUPATA?

Hesabu za nchi za Ulaya zaonyesha kwamba kila mwaka watu kama 2 hadi 5 katika kila watu 1,000,000 huonekana kuwa na ugonjwa huu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na watu kama 47,500,000. Ikiwa kiasi cha ugonjwa ni kile kile, basi wagonjwa wapya nchini wangekuwa kama 100 hadi 240 kila mwaka. Ni wachache, na kwa sababu hiyo daktari wa hospitali ndogo aweza kufanya kazi miaka mingi asimwone hata mmoja.

Wengi wao ni watu wa umri wa miaka 15 hadi 60, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Wanawake wengine huona uvimbe katika ukuta wa tumbo wakati wa mimba au katika miaka michache baada ya kuzaa, na pengine karibu na kovu la upasuaji. Wengine huupata mahali walipoumia zamani.

Liko kundi dogo, kama mtu 1 katika kila 10 au 20, ambalo habari yake ni nyingine. Hao wana ugonjwa wa kurithi ambao huotesha vinundu vingi sana ndani ya utumbo mpana, pengine mamia. Vinundu hivyo visipotibiwa, mwishowe hugeuka saratani. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye desmoidi, hasa iliyo ndani ya tumbo, hana budi kumweleza daktari kama katika jamaa zake yuko aliyekuwa na saratani ya utumbo akiwa bado kijana. Ikiwa ni hivyo, utumbo wake mwenyewe yapasa uchunguzwe, na pia wa ndugu zake na watoto wake. Neno moja lililosemwa kwa daktari kwa wakati wake laweza kuokoa nyumba nzima.

KWANZA UJULIKANE

Uvimbe mwingine ulio saratani kamili huweza kufanana na desmoidi kwa macho na kwa mkono. Hata daktari mwenye ujuzi hawezi kuutambua kwa kuushika tu. Kwa hiyo uvimbe wo wote ulio mkubwa kupita yai la kuku, au unaoendelea kukua, au uliomo ndani sana ya nyama, au wenye maumivu, yafaa upelekwe hospitali bila kuchelewa.

Huko hospitali hatua ni mbili. Ya kwanza ni kupigwa picha. Picha ya eksirei huonyesha mifupa vizuri, lakini haionyeshi vyema nyama laini. Picha ya mawimbi ya sauti husaidia kuanza. Iliyo bora zaidi ni ile ya mashine kubwa itumiayo nguvu za sumaku, ambayo huonyesha uvimbe umefika wapi na umegusa nini.

Hatua ya pili ni kuchukua vipande vidogo vya uvimbe kwa sindano nene, baada ya kupafisha ganzi mahali pale. Vipande hivyo hutazamwa kwa hadubini na mtaalamu wa kazi hiyo. Kwa kuwa ugonjwa ni wa nadra, hata mtaalamu huyo aweza kuupa jina lisilo lake; basi ni jambo la busara vipande vile vile vitazamwe na mtaalamu wa pili. Mgonjwa asione haya kuuliza kama jambo hilo laweza kufanywa. Nchini Kenya hospitali kuu za rufaa, kama ile ya Kenyatta mjini Nairobi na ile ya Moi mjini Eldoret, ndizo mahali pa kupelekwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujafahamika vyema.

Jambo lisilofaa ni kuukata uvimbe kwanza na kuuliza jina lake baadaye. Wala haifai kuuchanja, kuuchoma kwa chuma cha moto, au kuukanda kwa nguvu. Majeraha ya namna hiyo hayatibu ugonjwa ulio ndani ya misuli. Huongeza vidonda na makovu tu, na kupoteza wakati ambao mgonjwa angekuwa amekwisha fahamu anaugua nini.

KWA NINI KISU KIMEWEKWA KANDO?

Kwa muda mrefu madaktari wa dunia nzima waliamini kwamba dawa ya desmoidi ni kuikata yote, pamoja na nyama nzima inayoizunguka. Wagonjwa walikatwa misuli mikubwa, na wengine hata mkono au mguu. Ndipo ilipoonekana kwamba uvimbe hurudi mara nyingi. Taarifa za hospitali mbalimbali zinatofautiana, lakini kurudi kwa wagonjwa kuanzia 1 katika kila 5 hadi zaidi ya nusu kumeandikwa mara nyingi.

Mkulima ye yote aliyepambana na sangari shambani atafahamu sababu yake. Mtu akikata majani ya juu, shamba huonekana safi kwa muda. Lakini mizizi imetambaa chini kwa chini, na kila kipande kilichobaki huchipuka. Tena kila upasuaji ni jeraha, na kama ilivyokwisha elezwa, jeraha ndilo linaloziamsha chembe za kutengeneza nyuzi.

Mwaka 2020 madaktari wa nchi nyingi walichapisha mapatano yao juu ya matibabu ya ugonjwa huu. Walikubaliana kwamba kwa wagonjwa walio wengi hatua ya kwanza isiwe kisu, bali uangalizi. Upasuaji haukukatazwa. Bado wafaa kwa uvimbe fulani, hasa wa ukuta wa tumbo unaoendelea kukua, au pale ambapo utumbo umeziba na maisha yamo hatarini. Lakini si jambo la kufanywa kwanza bila kufikiri.

KUNGOJA SI KUTUPWA

Hapa ndipo penye shida kubwa kwa watu wengi. Kwa mfano, mama mkulima ana uvimbe begani. Ameuza mbuzi apate nauli, amesafiri usiku kucha, amepigwa picha na kuchomwa sindano. Mwishowe aambiwa: "Mama, uvimbe huu si saratani. Hatutaukata sasa. Rudi baada ya miezi miwili tuupime tena." Afikapo nyumbani, shemeji yake humwambia: "Shemeji, hao wamekutupa. Laiti ungalikuwa na fedha wangalikukata." Mama huyo hulala akilia, na juma linalofuata hutafuta mtu wa kumkata kwa siri.

Maneno ya shemeji yatoka katika upendo, lakini si kweli. Kungoja huku ni matibabu, na faida yake imethibitishwa. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 nchini Marekani, wagonjwa 87 wa desmoidi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa iitwayo sorafenibu. Kundi la pili lilipewa vidonge visivyo na dawa yo yote ndani yake, ili madaktari wapate kulinganisha. Katika kundi hili la pili, uvimbe wa mgonjwa 1 katika kila 5 ulipungua sana bila ya kisu na bila ya dawa. Ulipungua wenyewe.

Jambo hilo limeonekana tena katika nchi nyingine. Vivimbe vingi hukua kwa muda, kisha husimama. Na vingine hunywea polepole, ingawa huchukua miezi au miaka. Hakuna awezaye kusema tangu siku ya kwanza uvimbe wa mtu fulani utafuata njia gani. Kwa hiyo lazima upimwe.

Desturi iliyokubaliwa ni kupiga picha ya kwanza mwezi mmoja au miwili baada ya ugonjwa kujulikana, na halafu kila miezi 3 hadi 6. Uvimbe ukionekana umekua mara moja, hiyo peke yake si sababu ya kuanza dawa kali, maana wengine hukua kidogo kisha wakatulia. Lakini ukiendelea kukua kila mara upimwapo, au maumivu yakizidi, au ukiwa karibu na kitu cha hatari mwilini, hapo uangalizi hukoma na matibabu mengine huanza. Wakati wote huo mgonjwa hupewa dawa za kutuliza maumivu na kufundishwa mazoezi ya kiungo, ili bega au goti lisikakamae.

Tofauti kati ya kungoja na kutelekezwa ni tarehe. Mgonjwa mwenye tarehe ya kurudi, na anayerudi siku ile, yumo katika matibabu. Asiyerudi ndiye aliyejitupa mwenyewe.

DAWA NA MIONZI

Uvimbe usiposimama wenyewe, dawa zipo. Kwa miaka mingi madaktari wametumia methotreksati pamoja na vinblastini kwa vipimo vidogo, kwa kawaida mara moja kila juma, kwa muda wa miezi mingi. Dawa hizi ni za zamani na hutumika pia kwa magonjwa mengine. Hazifanyi kazi kwa haraka. Mgonjwa asikate tamaa akiona miezi ya kwanza imepita bila mabadiliko.

Dawa mpya zaidi ni vidonge. Katika uchunguzi wa 2018 uliokwisha tajwa, baada ya miaka miwili uvimbe haukuwa umeendelea kwa wagonjwa 81 katika kila 100 waliopewa sorafenibu, na kwa 36 tu katika kila 100 wa kundi la pili. Mwezi wa Novemba 2023 Serikali ya Marekani iliidhinisha nirogasestati, dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa ajili ya ugonjwa huu hasa. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 142. Uvimbe ulipungua sana kwa 41 katika kila 100 waliopewa dawa, na kwa 8 katika kila 100 wa kundi jingine. Bei yake ni kubwa mno, na kwa wanawake wengi wa umri wa kuzaa huvuruga kazi ya mayai ya uzazi.

Mionzi nayo huweza kuuzuia uvimbe usikue. Hutolewa kwa vipimo vidogo kwa muda wa majuma 5 au 6. Lakini mionzi yenyewe huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi, na kwa hiyo madaktari hawapendi kuwapa vijana ikiwa iko njia nyingine. Katika hospitali fulani za Ulaya na Amerika uvimbe huchomwa sindano maalumu za kuugandisha kwa baridi kali mpaka chembe zake zife.

Mwanamke anayetumia dawa hizi asishike mimba, kwa maana huweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini ugonjwa wenyewe si sababu ya kumkataza mwanamke kuzaa. Uvimbe huweza kukua wakati wa mimba, na mara nyingi mama na mtoto huwa salama. Lililo muhimu ni kuzungumza na daktari kabla ya kushika mimba.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Uvimbe wo wote unaokua, au uliopita ukubwa wa yai la kuku, uonyeshwe kwa daktari mapema. Kungoja kunafaa baada ya ugonjwa kujulikana, si kabla.

2. Usikubali kukatwa kabla vipande vya uvimbe havijatazamwa kwa hadubini. Uliza: "Daktari, uvimbe huu unaitwaje, na umejulikana kwa njia gani?"

3. Tunza picha zote na karatasi zote za hospitali katika mfuko mmoja usioingia maji, na kuzichukua kila safari. Bila picha ya zamani, daktari hawezi kujua kama uvimbe umekua au umepungua.

4. Mweleze daktari habari za magonjwa ya utumbo katika jamaa zako.

5. Ukipewa tarehe, rudi siku ile, hata kama hujisikii mgonjwa. Maumivu yakizidi, kiungo kikifa ganzi, au ukitapika na kukosa choo, usingoje tarehe. Nenda hospitali mara moja.

6. Jamaa wa mgonjwa wamsaidie kwa nauli na kwa kazi za shambani, wala wasimsukume kwenye kisu kwa maneno.

Wahenga walisema, "Mwenda pole hajikwai." Katika ugonjwa huu mwenda pole ni yule anayepima kwanza, akatenda baadaye, na tarehe yake ya hospitali haimpiti.